Mtoto Namba Kumi na Saba: Sehemu ya Sita

Kama wiki zilizopita hukunisoma, nitakufupishia, maana hata mimi sipendi kuyarudia.

Mimi ni fundi cherehani niliyeifunika cherehani yangu kwa shuka, nikiwa na miaka thelathini na sita, nikaenda chuo cha ualimu. Wenzangu darasani, ambao wengi ningeweza kuwazaa, wananiita Bi Mkubwa. Nimeshawasimulia jinsi somo langu la kwanza la majaribio lilivyovurugika mbele ya mkaguzi. Nimeshawasimulia pia jinsi mama mkwe alivyoteleza bafuni akavunjika nyonga, wiki ileile ambayo mume wangu, dereva wa malori, alivuka mpaka na mzigo wa miezi miwili.

Kisha nikakiri lile kubwa.

Katika Saikolojia ya Elimu, kila mwanachuo huchagua mtoto mmoja wa shule ya mazoezi. Anamchunguza kwa wiki nane, anamtembelea nyumbani walau mara moja, anaandika ripoti. Jina la mtoto haliandikwi. Inaandikwa namba yake ya kwenye daftari la mahudhurio. Wangu alikuwa namba kumi na saba, msichana wa darasa la sita, miaka kumi na miwili.

Nilikwenda wiki mbili tu. Wiki sita zilizobaki nilikuwa namgeuza mgonjwa kitandani asipate vidonda. Nyumbani kwa mtoto sikukanyaga. Jumapili moja nikakaa mezani, nikazitunga wiki zote sita, ziara ya nyumbani ikiwemo, nikatia sahihi.

Niliishia pale nilipoitwa ofisini kwa mkufunzi, nikaikuta ripoti yangu imefunguliwa mezani na kalamu nyekundu imelala juu yake.

Haya. Nikaingia.

"Funga mlango," alisema.

Huyu mkufunzi tunamwita Mama Saikolojia. Amebakiza mwaka mmoja astaafu, na hadi leo anaweza kumtoa mtu darasani kwa kosa la kupiga chafya mara mbili.

"Kaa."

Nikakaa.

"Hii umeiandika wewe?"

"Ndiyo, madamu."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Akavua miwani. Nikaanza kupanga maneno kichwani: mgonjwa, nyonga, mume safarini, naomba nafasi ya pili. Nikainua uso ili niyaseme, nikakuta macho yake ni mekundu. Mama Saikolojia alikuwa amelia.

"Miaka ishirini na miwili nasahihisha ripoti hizi," alisema. "Mtoto ni mchangamfu. Mtoto anapenda mpira. Mtoto ana uhusiano mzuri na wenzake. Nazisoma nikisinzia. Hii sikusinzia."

Akafungua ukurasa aliokuwa ameukunja pembeni, akasoma kwa sauti.

"'Mlezi akitoka humfungia stoo, kwenye magunia. Mtoto ananieleza kwamba huhesabu kurudi nyuma kutoka mia. Akifika sifuri kabla mlango haujafunguliwa, huanza upya, safari hii kutoka mia mbili.'"

Akaufunga.

"Hili mtu hawezi kulitunga."

Na alikuwa sahihi. Wasomaji wangu, nilikiri kwenu kwamba nilitunga, na hapo pia nikawadanganya kidogo. Wiki sita nilizoziandika Jumapili ile sikuzitoa hewani. Aliyekuwa stoo kwenye magunia ni mimi, nikiwa na miaka kumi na moja, nyumbani kwa shangazi. Nilichofanya ni kuvua yangu na kuyavisha namba ya mtoto wa watu.

"Nimekupa tisini na sita," Mama Saikolojia aliendelea. "Sijawahi kumpa mtu. Ripoti hii itakuwa kielelezo kwa wanaokuja."

Nusura nicheke. Niliingia mle kama mtu anayekwenda kukatwa mguu, sasa napewa viatu vipya. Nikaanza kujisogeza ukingoni mwa kiti niage.

"Subiri. Wajibu wetu unaufahamu."

"Upi, madamu?"

Akageuza ukurasa wa mwisho wa mwongozo wa kazi. Ule ukurasa ambao hakuna mwanachuo anayeufikia. Akaweka kidole kwenye mstari: dalili yoyote ya mtoto kuwa hatarini iripotiwe ndani ya siku moja.

"Nimeshampigia ofisa ustawi wa jamii. Kesho saa nne tunakwenda shuleni. Mimi, yeye na wewe."

Nikajirudisha kitini.

"Madamu, labda... labda nilitia chumvi kidogo."

"Wapi?"

"Hapa na pale."

Alinitazama kwa huruma iliyoniumiza kuliko kama angenizaba kofi. "Wanaoandika ukweli ndio huogopa, mwanangu. Waongo hawaogopi kitu. Angalia hapa."

Jalada la nyuma. Maneno ya chuo, yaliyopigwa chapa: *Yote niliyoyaandika nimeyaona na kuyasikia mimi mwenyewe.* Chini yake, sahihi yangu, nzuri, imejikunja mkia kama ya mtu asiye na wasiwasi duniani.

*

Nilifika nyumbani alasiri. Nikachota maji, nikamkuta mama mkwe akinisubiri kitandani na kitambaa begani.

Baada ya dakika tano akasema, "Mbona unaniosha kama sufuria iliyoungua?"

"Nisamehe, mama."

"Chuo wamekufukuza?"

"Wamenipa tisini na sita."

"Sasa hiyo sura ya nini? Wewe ukifeli utaonekanaje?"

Nikamweleza. Nilikuwa nimechoka kubeba peke yangu. Nikamweleza wiki mbili za kweli na sita za uongo, ziara ya nyumbani ambayo haikuwepo, ofisa ustawi, kesho saa nne. Alisikiliza bila kunikatisha, jambo ambalo si kawaida yake.

"Kwa hiyo umemsingizia mtu," alisema.

"Sikumtaja, mama. Niliandika 'mlezi'."

"Mtoto ana walezi wangapi?"

"Mmoja. Mjomba wake."

"Basi umemtaja."

Nikakamua kitambaa, maji yakadondoka ndani ya beseni.

"Na hayo ya magunia na kuhesabu uliyatoa wapi?"

"Nilitunga."

"Mkamwana, miaka kumi na miwili tunaishi nyumba moja. Wewe hujui kutunga. Mgeni nisiyemtaka akija, nakutuma ukaseme nimelala, unakwenda unamkaribisha ndani." Akanyoosha kidole kuelekea stoo. "Tangu uolewe, mlango wa stoo ya nyumba hii hujawahi kuufunga. Panya wanaingia, nagomba, unaufunga leo, kesho uko wazi. Nikawa nasema, huyu binti msahaulifu."

Nilijishughulisha na sabuni.

Hakuuliza ni nani alinifanyia. Alinishika mkono vilevile ukiwa na povu, akaushikilia.

"Kesho uwahi," alisema baadaye. "Wao wanakwenda saa nne, wewe uwe pale saa mbili. Mwambie mwalimu wako ukweli kabla hawajamgusa yule mtoto. Wakikufukuza, cherehani bado ipo chini ya shuka."

"Na wewe utabaki na nani?"

"Nitabaki na nyonga yangu. Haiendi popote hii."

Nikapiga moyo konde. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi ule uanze nilijua la kufanya.

*

Saa mbili kasoro dakika kumi nilikuwa kwenye geti la shule. Nilikuwa nimelikariri tamko langu njiani kama shairi la mtihani: Madamu, mtoto yule siye.

Gari la chuo lilikuwa limeshaegeshwa uani.

Mama Saikolojia alitoka ofisi ya mwalimu mkuu akanijia mikono wazi. "Umewahi! Nilitaka kukupigia. Ofisa amesema tuje mapema, kabla mlezi hajapata fununu."

"Madamu, nina jambo."

"Baadaye. Ameshamaliza naye."

"Amemaliza na nani?"

Ofisa ustawi akatokea nyuma yake. Kijana mpole, faili kwapani, tai imelegea. Alinipa mkono wake kwa heshima, kama mtu anayekutana na aliyemsikia redioni.

"Mwalimu, hongera. Amekiri yote."

"Yote yapi?"

"Stoo. Magunia. Kuhesabu kutoka mia. Hata ile ya kutafuna mkono wa sweta. Kila kipengele."

"Alikueleza mwenyewe?"

"Nilimuuliza kipengele kwa kipengele, kutoka kwenye ripoti yako. Kila kimoja akasema ndiyo."

Basi nilipata picha. Alimsomea. Mtoto wa miaka kumi na miwili, mbele yake mtu mzima mwenye faili, anasomewa maisha ya mtu mwingine na anaitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo.

"Naomba nionane naye," nilisema. "Peke yetu."

Mama Saikolojia akamgeukia ofisa. "Huyu ndiye anayemwamini. Mpe dakika tano."

Walimweka kwenye chumba cha vifaa vya michezo, kwa sababu ndicho pekee kilichokuwa hakina watu. Hakina dirisha. Mipira isiyo na upepo, nyavu, harufu ya ngozi na vumbi. Alikuwa amekaa juu ya kigodoro cha sarakasi, mikono magotini. Niliingia nikauacha mlango wazi nyuma yangu.

"Funga, mwalimu," alisema.

Nikaufunga. Mnajua sasa kwa nini viganja vyangu vilikuwa maji.

"Mwanangu," nilianza, "yale waliyokusomea..."

"Ni uongo."

Alisema bila hasira, kama anayenisahihisha tahajia.

"Umeandika tuliongea Alhamisi ya wiki ya tano. Wiki hiyo nilikuwa naumwa, sikuja shule. Na nyumbani kwetu hatuna magunia."

"Kwa nini basi ulimwambia ndiyo?"

"Kwa sababu alisema nikikubali, leo silali nyumbani."

Nje kengele iligongwa, miguu ya watoto ikapita mbio barazani.

"Nyumbani kuna nini?"

Akatazama mipira.

"Mjomba hanifungii. Hana haja. Ananisimamisha juu ya ndoo."

"Ndoo?"

"Anaipindua katikati ya sebule, napanda. Yeye anaangalia taarifa ya habari, anakula, anaongea na simu. Mimi nasimama. Nikishuka au nikianguka tunaanza upya. Siku nyingine hadi yeye alale kwenye kiti, na akizinduka akanikuta chini..." Akaacha hapo. "Hanipigi. Hajawahi hata kunisukuma."

"Kwa kosa gani?"

"Kosa lolote. Chumvi. Sauti. Kumkumbusha mama."

Mama yake, dada wa huyo mjomba, alifariki miaka mitatu nyuma. Hilo nililijua. Lilikuwa kwenye kurasa mbili za zile wiki mbili za kweli.

Na kurasa hizo mbili zikanirudia zote. Niliketi nyuma ya darasa lake siku nne. Niliona anavyosinzia kipindi cha pili. Niliona anavyobadilisha mguu kila akisimama kujibu, kulia, kushoto, kulia. Nikaandika nini? *Mtoto ni mvivu, hana utulivu, anahitaji mazoezi ya viungo.* Halafu Jumapili ile nikaona kwamba hayo hayapendezi, nikayafuta, nikaweka stoo.

Alikuwa mbele yangu siku nne nzima na mimi nikaenda kujitazama mwenyewe.

"Sikiliza," nilisema. "Twende tukamwambie ofisa hii ya ndoo. Hii ndiyo kweli. Hiyo ya kwangu tuitupe."

Akatikisa kichwa.

"Mwaka jana nilimwambia mwalimu wa darasa. Akamwita mjomba. Walikaa ofisini, wakanywa soda, wakacheka. Mwalimu akaniambia, 'Kusimama tu ndiyo unamshtakia mzazi? Sisi tulichapwa.' Siku hiyo nilisimama mpaka nikajikojolea." Akainua macho, mara ya kwanza. "Mwalimu, nani atamkamata mtu kwa sababu ya ndoo? Stoo wanaielewa. Wewe umeandika vizuri. Usiseme umedanganya."

"Mwanangu..."

"Ukisema, nitarudi leo. Na atakuwa ameshajua nimeongea."

Mlango ukagongwa. Ofisa akachungulia, upole wake umempungua.

"Mwalimu, njoo. Mlezi amefika."

*

Yule mjomba ni mwenyekiti wa kamati ya shule. Nilikuwa nimemwona mara moja akigawa zawadi za usafi. Shati la mikono mirefu, vifungo vyote vimefungwa, sauti ya chini kiasi kwamba inabidi umsogelee ili umsikie. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama, kiti amempisha yeye.

"Shikamoo, mwalimu," aliniambia.

Mtu anayenizidi miaka kumi na mitano ananiamkia! Nikakosa hata pa kuiweka hiyo shikamoo. Walimu wawili waliokuwa kando wakatabasamu.

"Mimi sina ugomvi," alisema. "Nimesikia nashutumiwa, nimekuja kwa miguu yangu. Mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea kama wa kwangu. Kama nimekosa, sheria ifanye kazi."

Ofisa akaitikia kwa kichwa. Hata mimi ningeitikia.

"Ila nimeomba kitu kimoja kwa mwalimu mkuu."

Akavuta kitabu kikubwa cha jalada jeusi kilichokuwa mezani. Kitabu cha wageni. Kila mwanachuo anayekuja kuchunguza mtoto anasaini humo, saa ya kuingia na saa ya kutoka.

Alikuwa ameshaweka vipande vya karatasi kwenye kurasa.

"Sahihi ya mwalimu hii hapa. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Baada ya hapo simwoni tena. Na nimeambiwa ripoti ina wiki nane." Akanigeukia taratibu. "Huenda nimehesabu vibaya. Mimi si msomi."

Mama Saikolojia alikivuta kitabu, akavaa miwani, akapekua. Nilimwona anapekua mara ya pili, haraka zaidi.

"Bi Mkubwa," alisema. Hakuwa amewahi kuniita jina hilo, ni la wanafunzi. "Mbona nne?"

Mjomba mtu aliinama kidogo kuelekea kwangu. Sauti ile ya chini, ya upole.

"Sema ukweli tu, mwalimu. Hakuna atakayekula. Ukweli unaoujua wewe."

Hapo ndipo nilipoelewa nilivyonaswa. Kila nilichokuwa nimepanga kukisema asubuhi ile, tamko langu lote la njiani, ndicho huyu mtu alichokuwa anakitaka. Ukweli ulikuwa wake. Yule mtoto hakuwa na kitu ila uongo wangu.

Niliangalia nje. Walikuwa wamemtoa chumba cha michezo, amesimama barazani chini ya ubao wa matangazo. Mguu wa kulia. Mguu wa kushoto. Kulia.

"Uliyaona haya kwa macho yako?" Mama Saikolojia aliuliza. "Nijibu mimi, usimjibu yeye."

"Niliyaona," nilisema.

Sauti haikutetemeka. Mungu anisamehe, kwa sababu stoo ile niliiona kweli.

"Na sahihi?"

"Siku nyingine sikupitia ofisini. Tuliongea nje ya shule."

"Wapi?" aliuliza mjomba.

"Nyumbani kwako."

"Lini?"

"Jumamosi. Hukuwepo."

Maneno yalikuwa yananitoka moja likivuta jingine, kama uzi unaofumuka kwenye pindo. Unajua unaharibu nguo na bado unavuta.

Nilitegemea akasirike. Hakukasirika. Uso wake ulitulia, kama mtu aliyesikia jibu alilokuwa analisubiri.

"Jumamosi," alirudia. "Vizuri sana. Basi mwalimu anapajua kwangu."

Ofisa ustawi akafunga faili. Namlaumu kwa mambo mengi kijana yule, lakini kwa hili simlaumu, alikuwa anafuata utaratibu wake.

"Tunakwenda nyumbani sasa hivi," alisema. "Nataka kuiona hiyo stoo kabla mtu hajagusa kitu. Mwalimu atatangulia, atuonyeshe alikopita na alichokiona. Mzee, wewe utakuja nyuma. Tafadhali usimwongoze, usimsemeshe. Tukifika, yeye ndiye aingie kwanza."

"Bila shaka," alisema mjomba. "Hiyo ndiyo haki."

"Mtoto aje na sisi," nilisema haraka. "Yeye ndiye..."

"Mtoto anabaki. Hatumrudishi pale leo, hata kwa dakika."

Tulipopita barazani alinisogelea, akafumbua mdomo. Nilimwona anataka kuniambia kitu, amenyoosha hata mkono kuonyesha upande. Mwalimu mkuu alimshika bega akamgeuza, akamwingiza darasani. Mlango ukafungwa.

Tukatoka getini watu wanne, mimi mbele.

Upande wa kushoto kulikuwa na fundi baiskeli, wa kulia ukuta mrefu. Nilifuata ukuta kwa sababu watu wengi walikuwa wanafuata ukuta. Hakuna aliyenizuia, nikashukuru. Nikapunguza mwendo, ili mtu anipite nimfuate. Mama Saikolojia naye akapunguza, akanishika mkono.

"Usimwogope," alininong'oneza. "Nipo na wewe. Kama nilikushuku pale ndani, ni kwa sababu ya kitabu. Samahani, mwanangu."

Ile samahani ndiyo iliyonimaliza.

Nyuma yangu nilisikia viatu vya mjomba. Hatua zake zilikuwa sawasawa, bila haraka. Nikisimama kujifanya nafunga kamba, vinasimama. Nikianza, vinaanza.

Tukapita duka la simu. Tukapita kinu cha kusaga. Wanawake wawili waliokuwa wameketi mlangoni walimwamkia mwenyekiti wao, akawaitikia kwa jina la kila mmoja na kuwauliza habari za watoto.

Kisha ukuta ukaisha.

Mbele palikuwa na tangi la maji lililokauka, na barabara ikagawanyika. Ya kulia ilipanda, nyumba za bati jipya pande zote mbili. Ya kushoto ilishuka ikapotea nyuma ya uzio wa maua. Na katikati, nyembamba, palikuwa na kichochoro.

Nikasimama.

Ofisa alisimama nyuma yangu, kalamu tayari. Mama Saikolojia aliuachia mkono wangu, taratibu, ili nionekane wazi kwamba naongoza mwenyewe. Mwanamke mmoja aliyekuwa anaanika nguo aliacha kuanika.

Sekunde zikapita. Nikahisi Mama Saikolojia ameanza kuniangalia uso, sivyo alivyoniangalia dakika moja nyuma.

"Mwalimu?" aliita ofisa.

Mjomba alikohoa kidogo. Aliahidi kutonisemesha, na kweli hakunisemesha mimi. Alimwambia yule kijana, kwa sauti yake ya chini kabisa:

"Mpe nafasi, mwanangu. Nyumbani kwangu anapajua."